Meno ya Sultani

Usinipe pole. Punda alikuwa wangu, na aliyemuua ni mimi.

Rawiya, binti wa marehemu ndugu yangu, alikuja hapa kijijini Mbwajumali kutoka chuo kikuu na dawa yake ya majaribio. Akanieleza taratibu kana kwamba mimi mtoto wa madrasa: "Ami, ndani ya mwili mna kama majiko madogo, yaitwa mitokondria. Ndiyo yatupayo nguvu. Lakini yatoa moshi wenye sumu, na ziko protini za kuuzuia. Mnyama akizeeka, protini zalegea, moshi wamla ndani kwa ndani."

Dawa ilikusudiwa kuzikaza hizo protini, ila alitaka punda wasiozidi miaka kumi. Sultani wangu alishapita ishirini. Lo! Nifanyeje? Nilimpenda yule punda, Mungu ndiye shahidi, na magoti yalikuwa yameanza kumtetemeka. Nikachukua tupa nikamkwangua meno, maana umri wa punda husomwa menoni. Rawiya akamfungua kinywa, akatabasamu. "Huyu kijana bado." Akamdunga sindano.

Sasa, punda kijana hakai kivulini kutwa akitafuna majani. Uongo niliusema mimi, mzigo akaubeba yeye. Kila nikimwona Rawiya anakuja, namjazia Sultani shogi zake za mgongoni mawe ya kujengea, tena namfokea, "Haya, enda, mvivu we!" Naye akienda.

Jana asubuhi alianguka njiani na mawe yake mgongoni, asiinuke tena.

Rawiya akapiga magoti kando yake, analia. "Dawa yangu imeua mnyama mzima, ami. Namwambia mwalimu wangu tuache kila kitu." Simu alishaitoa. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

"Weka simu, mwanangu," nikasema. "Alikuwa mzee. Meno niliyakwangua mimi, nilitaka apate dawa."

Akanitazama. Nilingoja anitukane, angalau nipumue. Akafuta machozi, akaanza kutoa mawe kwenye shogi.

"Na haya? Ulimbebesha kwa nini?"

"Usije ukaujua uongo wangu."

"Mzee kama huyu, ami, angepumzishwa tu. Huenda leo angekuwa hai."

Nikainama nimsaidie kufungua kamba. Akausukuma mkono wangu.