Spoku Arobaini za Kasian

Spoku zote arobaini zilikuwa zimechomoza upande wa ndani wa ringi kama meno ya mtoto, na bado gurudumu lilikuwa legevu. Nilipitisha kidole juu ya ncha zile, nikajichoma. Mbele ya kibaraza, kwenye vumbi la njia ya sokoni, Kasian alikuwa akienda na kurudi, kofia ameikunja mkononi mpaka haikufanana tena na kofia.

"Limekwisha, mama?"

"Bado kidogo, baba."

Haikuwa kidogo.

Ilikuwa mwaka hamsini na tano, mwezi wa baridi, hapa Iringa. Mume wangu Isihaka, fundi wa baiskeli, alikuwa amekwenda Mbeya kumzika kaka yake. Aliniachia sanduku la vifaa na maneno machache: "Pancha ziba. Upepo jaza. Mwenye gurudumu la kusuka, mwambie aningoje." Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekaa ubavuni pake nikisuka magurudumu aliyoyaanza yeye. Lakini urefu wa spoku sikuwahi kuuchagua. Yeye ndiye aliyezipima, akanipa mkononi, nami nikazipitisha.

Na huyu Kasian hakuwa mtu wa kungojeshwa. Alitoka Kilolo jana yake asubuhi, mkewe Matilda amekaa nyuma ya baiskeli, wakija hospitali. Walikuwa wamezika watoto wawili wachanga, na mkunga alikuwa amewaonya kwamba huyu wa tatu asizaliwe nyumbani. Njiani, karibu nusu ya safari, habu ya gurudumu la nyuma ilipasuka, ule moyo wa katikati unaoshika spoku zote. Bibi mmoja wa nyumba ya kando ya njia alimlaza Matilda kitandani pake, akampa maziwa ya moto, hata ukoo wake hakumwuliza. Alfajiri tumbo lilimkaza mara tatu. Kasian akabeba gurudumu begani, akaja mjini kwa miguu. Sehemu mbili aliomba kuazima baiskeli, akanyimwa. Lori la mbao lingepita Jumatatu, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Nilipomwambia fundi hayupo, hakubisha. Aliuliza tu, "Na wewe, mama?" Nikaona midomo yake imepasuka kwa vumbi. Nikasema, "Lilete."

Sandukuni mlikuwa na habu moja tu iliyolingana matundu. Ilikuwa nene kuliko ile iliyopasuka, sahani zake mbili za matundu pana zaidi. Kasian alisema spoku zake bado nzima, nitumie hizo hizo. Kwa haraka nikakubali. Nikasuka kama tulivyosuka siku zote, kila spoku ikipishana na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Sikufikiri kwamba sahani ikiwa pana, spoku inaanzia mbali zaidi na katikati, na safari yake inakuwa fupi. Kwa hiyo zote zikazidi. Nati za kukazia spoku ringini zilifika mwisho wa hesi kabla waya haujakaza hata kidogo.

Nilipekua kopo la spoku fupi. Zilikuwa ishirini na sita.

Basi nikashika tupa. Ningeweza kusaga zile ncha, nikalaza kitambaa juu yake ili zisitoboe mpira, nikamwambia aende. Gurudumu lingezunguka vizuri likiwa tupu. Lingefika mpaka kwa yule bibi, ila uzito wa watu wawili lisingeuhimili. Nilianza kusaga ya kwanza, na mkono wangu ukawa mzito kama wa mgonjwa, kwa sababu kila nilipovuta tupa nilimwona mwanamke nisiyemjua akikaa juu ya kazi yangu, tumbo lake mbele.

"Shemeji!" Sauti ilitoka ng'ambo ya njia. Alikuwa Lutengano, Mnyakyusa, fundi mshindani wa mume wangu, ambaye hakuacha siku ipite bila kututania. "Gurudumu hilo unalisuka au unalibembeleza lilale?"

Washonaji wa cherehani jirani zetu wakacheka.

"Kama ni mkeka niambie mapema, nina mgeni leo!"

"Mgeni wako mlaze chini, amezoea," nikamjibu. Wakacheka zaidi, ila sauti yangu ilitetemeka, na nadhani aliisikia. Alivuka njia akifuta mikono kwa tambara. Aliinama, akaona zile ncha zilizochomoza, akaona na tupa.

Nilingoja atangaze. Soko zima lingemsikia.

Lutengano alijisogeza mpaka mgongo wake ukamzibia Kasian asione gurudumu. "Habu safi hii," akasema kwa sauti kubwa. Kisha kwa sauti ya chini, "Isihaka hupishanisha ngapi?"

"Tatu. Siku zote."

"Siku zote," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Alimgeukia Kasian. "Wewe bwana, utatuchimbia mtaro hapa. Njoo tunywe chai."

"Sina hamu ya chai."

"Sikukuuliza hamu. Twende."

Nilibaki peke yangu na lile "siku zote" lake. Nikazifungua spoku nne, nikazipitisha upya, safari hii kila moja ikipishana na nne badala ya tatu. Zililala zaidi, zikazunguka mbali zaidi kabla ya kufika ringini. Nikazungusha nati. Ncha ya kwanza ikasimama ndani ya nati, chini kidogo tu ya ukingo. Ya pili vilevile. Nilizipiga kwa ukucha, zikalia.

Kasian aliporudi, nilimwambia kabla hajauliza. "Baba, nilikosea. Nalifumua lote."

Nilidhani atalichukua gurudumu lake na kuondoka. Badala yake aliketi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akafungua kiganja. "Nati nikushikie mimi," akasema. Akanipa moja moja mpaka ya arobaini, wala hakuuliza tena kama limekwisha. Mguu wake tu ndio haukutulia.

Aliondoka kwa adhana ya alasiri, gurudumu begani.

Kesho yake sikuweza kukaa kibarazani. Nilifungua sanduku, nikafunga. Nikashuka mlima mpaka njia ya Kilolo inapoingilia barabara kuu, na huko nikawaona. Kasian alikuwa akisukuma, shati limemganda mwilini. Matilda alikuwa amekaa nyuma, kucha zake zimezama kwenye bega la mumewe, macho ameyafumba.

"Ni huyu mama," Kasian akasema. Matilda hakufumbua macho.

Nikaweka mikono yote miwili nyuma ya kiti, nikasukuma. Mlima wa kuingia mjini ni mrefu. Kila mara gurudumu lilipozunguka lilitoa mlio mmoja mdogo, tik, nami nilikuwa nikiungoja kabla haujaja. Sikujua ni spoku ikijikalisha au ikijiandaa kukatika. Wenzi wale hawakuusikia. Walikuwa na sauti nyingine ya kusikiliza, pumzi za Matilda.

Kwenye lango la hospitali Matilda alishuka, akainama, akashika nguzo. Muuguzi alikuja mbio. Kasian aliniachia usukani bila kunitazama, akaingia akiwa amemkumbatia mkewe kiunoni, na mlango ukafungwa.

Nilisimama palepale. Ukuta ulikuwa karibu, ningeweza kuiegemeza baiskeli na kwenda zangu, maana kibaraza nilikiacha wazi. Lakini niliendelea kuishika kwa mikono miwili, wima, kana kwamba kulikuwa bado na mtu juu yake.