Kona ya Mgeni

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Thubutu! Yangu imekwenda miaka kumi na saba. Imepanda ndege Dar es Salaam, imeshuka London, imeomba uraia ikapewa, na ingezidi kwenda kama si ile barua ya skani ya kichwa iliyokuja Jumanne.

Mimi hapa Lewisham, mtaa wa London, naitwa Mama Fanuel. Kanisani Mama Fanuel, kazini kwenye nyumba ya kulelea wazee Mama Fanuel, hata yule Mnigeria anayeniuzia ndizi sokoni ananiita hivyo hivyo. Na mwanangu bondia anaitwa Fanuel. Sasa sikilizeni, maana nikinyamaza tena sitasema kamwe: Fanuel alikufa.

Fanuel wangu nilimzaa Mbeya, hospitalini, Machi 2003, na cheti chake cha kuzaliwa nikakichukua. Malaria ikaninyang'anya mtoto kabla hajatimiza miaka minne. Mdogo wake, Lusekelo, nilimzaa Juni 2005 kule Tukuyu nyumbani kwa mama, akapokelewa na bibi zake, cheti hakuna. Mume wangu alipopata kazi ya hospitali huku akatuita, viza ilikuwa na tarehe yake ya mwisho, na kila nikienda kufuatilia cheti cha Lusekelo naambiwa njoo Jumatatu, mhusika yuko semina. Ndipo shemeji yangu akaniambia, "Shemeji, unahangaika nini? Cheti cha Fanuel si kipo?"

Msinishangae. Kwetu watu wangapi wamesoma kwa jina la mtu mwingine, wakaajiriwa nalo, wakastaafu nalo, na jina lao la kuzaliwa mkaja kulisikia msibani? Niliona ni karatasi tu. Ndani ya ndege nikamfundisha mtoto wa miaka mitatu kwamba yeye ni Fanuel na ana miaka mitano. Hakutaka. Nikamnyima biskuti mpaka akaitika. Alipoitika nikalia, na mzungu niliyekaa naye akadhani naogopa ndege.

Shuleni walisema ni mdogo wa umbo na mzito wa kuongea. Mume wangu akasema, "Atawafikia wenzake. Na wewe usithubutu kufungua mdomo, tutarudishwa wote." Sikuufungua.

Alipofika miaka kumi na moja ya karatasi, yaani tisa ya Mungu, akaingia kwenye klabu ya ngumi ya kocha Solomon, mtu mzima mmoja mpole, mwenye pua iliyovunjika mara mbili. Na ngumi za ridhaa hapa zina utaratibu, si vurugu. Kila mtoto ana kitabu chake chenye picha, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya mapambano yake yote, daktari anampima kabla ya kila pambano, na hakutanishwi ila na mwenzake wa uzito na umri wake. Utaratibu mzuri kabisa, umewekwa kumlinda mtoto. Mimi mama mtu ndiye niliyeuvunja, kila Jumamosi, nimekaa mstari wa mbele na chupa ya maji mapajani.

Kulikuwa na kijana wa Walthamstow anaitwa Imran, mzaliwa wa 2003. Walikutana mara tatu, na mara zote tatu Imran alishinda kwa majaji watatu kwa wawili. Watatu kwa wawili, jamani! Wa kwangu alikuwa anapigana kwa akili, anaingia, anatoka, anamfanya mwenzake apige hewa. Lakini raundi ya tatu miguu inamwishia, na Imran ndiyo kwanza anapata moto. Kwenye basi la kurudi ananiuliza kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakielewa ila hakizungumzi, "Nakosea wapi, mama?" Namwambia ale vizuri. Eti ale vizuri!

Baada ya pambano la pili Solomon akanivuta kando. "Mama," akasema, "daktari ananiambia mwili wa huyu mtoto bado mchanga. Sikuulizi kwa ubaya. Ana kumi na nne kweli? Kwa sababu kama ana hata mwaka mmoja pungufu, mimi sijawahi kufundisha mtoto mwenye kipaji kama huyu, na kuanzia kesho nampanga na rika lake."

Alikuwa na kumi na mbili. Mungu alikuwa amenifungulia mlango mpaka mwisho, kilichobaki ni kupita tu. Nikamkazia macho mzee wa watu nikasema, "Kumi na nne. Au unadhani sikuwepo wakati namzaa?" Akaniomba radhi. Mimi ndiye niliyeombwa radhi!

Niliogopa pasipoti, ndiyo. Niliogopa kuitwa mwizi. Lakini kuna jingine ambalo hata mchungaji hajalisikia. Nilipenda kulisikia lile jina likitangazwa kwenye maiki, "Fanuel, kutoka Lewisham", na watu wanapiga makofi. Niliona kama na yule wa kwanza yupo, anakua. Basi nikamwacha mmoja apigwe ili nimsikie mwingine akiitwa.

Miaka ikaenda. Mume wangu akafariki, siri nikabaki nayo peke yangu. Imran akachukuliwa timu ya taifa, baadaye akaingia ngumi za kulipwa, sasa hivi ana mkanda na sura yake iko kwenye mabango. Wa kwangu Solomon alimkalisha chini akamwambia, "Mwanangu, inatosha. Jifunze ufundi umeme, jioni uje unisaidie kufundisha watoto." Akakataa. Akatafuta meneja na kuomba leseni ya kulipwa. Sheria inataka miaka kumi na minane. Karatasi ilikuwa na kumi na tisa. Yeye alikuwa na kumi na saba.

Sikujua kona ya mgeni ni nini mpaka nilipokwenda kumtazama kwenye ukumbi mmoja wa Bethnal Green. Ukumbini kuna bondia wa nyumbani, ameuza tiketi kwa ukoo mzima na mtaa mzima, rekodi yake inatunzwa kama yai. Na kuna mgeni, aliyeitwa juzi kwa simu, ambaye kazi yake ni kumaliza raundi nne na kushindwa kwa pointi bila kupasuka, ili wiki ijayo aitwe tena kwingine. Mwanangu ndiye alikuwa mgeni. Amezaliwa upya kwenye mji huu, amekulia kwenye mji huu, na kila ukumbi wa mji huu yeye ni mgeni. Watu walimzomea tangu anaingia. Mwanamke mmoja nyuma yangu, ameshika bia, akapiga kelele, "Mvunje kichwa huyo!" Nikageuka nikamwambia kwa Kiswahili maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, mimi ni mtu wa kwaya.

Nilimsihi aache. "Mwanangu, unatafuta nini huko?" Akawa ananijibu neno moja: "Bado." Mapambano arobaini na moja, ameshinda matatu. Akaanza kusahau vitu, anaacha jiko linawaka, anaita kijiko "kile kitu". Nikajiambia ni uchovu. Ninalea wazee waliopotewa na akili, ninazijua dalili zote, na nikajiambia ni uchovu.

Ndipo ikaja barua. Kila mwaka bondia wa kulipwa lazima apigwe skani ya kichwa, na safari hii walikuta damu iliyovilia ndani. Leseni imefutwa, na hatapewa tena maisha yake yote. Akaniletea ile barua jikoni, asubuhi, nimetoka shifti, namenya ndizi. Hakulia. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa plastiki, ndani yake kile kitabu cha ridhaa na glovu zake za utotoni, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka.

"Usitupe," nikasema.

"Ya nini, mama?" akasema, kwa Kiingereza. "Sikuwahi kuwa bondia. Tangu mdogo sikuwa na kitu. Solomon alikuwa ananionea huruma tu."

Nikaweka kisu chini. Mikono ilikuwa na utomvu wa ndizi, sikuinawa. Nikamwambia yote. Mbeya, Tukuyu, cheti, shemeji, biskuti. Nikamwambia yule kaka yake aliyeko kaburini ndiye Fanuel, na yeye ni Lusekelo, na hana miaka ishirini na miwili, ana ishirini. Niliongea nikiangalia maganda, maana uso wake nisingeuweza. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

Akakaa. Akatoa kitabu kwenye mfuko, akakifungua ukurasa wa kwanza, akavuta kalamu iliyokuwa mezani.

"Hili hapa. Novemba. Nilikuwa na mingapi?"

"Tisa."

Akaandika tisa pembeni. "Na hili?"

"Kumi. Ndiyo kwanza ulikuwa umetimiza."

Tukaenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, yeye anataja mwezi na mimi nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Ndizi zikawa nyeusi kwenye sinia. Alipofika kwa Imran mara ya tatu, kalamu ikasimama.

"Hapa Imran alikuwa na kumi na tano," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mimi?"

"Kumi na mitatu."

"Watatu kwa wawili," akasema polepole. Akatabasamu. Miaka mingi sijaliona lile tabasamu, na naapa lilinikata kuliko tusi lolote. "Kumi na mitatu, na nilimpeleka Imran mpaka raundi ya tatu, watatu kwa wawili. Kwa hiyo nilikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri, baba. Ulikuwa mzuri kuliko wote. Solomon alijua. Aliniuliza, nikamdanganya."

Nilidhani nimempa kitu. Jamani, nilidhani angalau hicho nimempa. Akafunga kitabu, akaweka viganja vyote viwili kichwani, pale walipokuta ile damu, na akaniangalia. Safari hii alisema kwa Kiswahili, Kiswahili kizito cha mtoto wa miaka mitatu, ndicho pekee nilichowahi kumwachia.

"Mama, mimi ningejua niko mzuri, ningeacha. Solomon alisema acha, mimi nilitaka kuacha. Nilikuwa naenda kule kona ya mgeni kila wiki, wananipiga, kwa sababu nilitaka nijue tu. Mara moja tu nijue."

Nikasema nisamehe. Nikasema tena. Sijui kama alisikia, maana alikuwa ameshasimama anatafuta kitu, anafungua kabati moja moja, anafunga, anafungua tena ile ile.

"Unatafuta nini, Lusekelo?" nikamwuliza.

Hakugeuka. Jina lile hakulijua. Nikarudia kuita, na mara ya tatu nikaita Fanuel, akaitika.