Kipande Kwenye Nta

Umewahi kuambiwa ulete barua ili upewe kilichotoka tumboni mwako mwenyewe? Basi mshonaji yule barua alikuwa nayo, na tangu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye benchi la maabara, kiganja kimefunika kifuko cha choo kilichobandikwa ubavuni chini ya gauni.

Saratani ya utumbo mpana ilikuwa imegoma. Dripu kumi na mbili zilimnyonyoa nywele tu, uvimbe ukazidi kunenepa. Sasa hospitali nyingine ilikuwa inajaribu dawa mpya ya kingamwili, askari waliotengenezwa maabara waukamate uvimbe. Kupona hakuahidiwa. Ila walitaka kwanza kile kipande cha nyama alichokatwa mwaka jana, wakipime kama kina alama inayoshikwa na dawa. Mwisho wa kupokea ulikuwa leo, saa tisa alasiri.

Na kipande kilikuwa palepale, kabatini nyuma ya karani, kimegandishwa kwenye nta, kidogo kama kifungo cha koti.

"Barua hii kaandikiwa mkuu wa maabara," karani alisema. "Mimi siruhusiwi kuifungua."

"Mkuu yuko wapi?" aliuliza wifi yake, aliyemsindikiza.

"Semina. Jumatatu atakuwepo."

"Mpigie simu basi."

"Mama, kuna utaratibu."

"Huo utaratibu wenu una utumbo?"

Benchi zima likacheka. Mshonaji akamvuta wifi yake mkono. "Sawa, baba. Tunasubiri." Ndivyo alivyo, hata mteja akimtukana kwa pindo alilochagua mwenyewe, yeye husema sawa.

Saa saba karani akaenda kula. Saa nane na nusu akarudi anachokonoa meno. Simu ya mshonaji ikalia, muuguzi wa utafiti wa ile dawa mpya.

"Dada, umekipata? Nafasi imebaki moja, na nyuma yako kuna mtu."

Mshonaji akainuka polepole, akaenda dirishani, akaweka kadi yake yenye namba ya kipande juu ya daftari la karani.

"Mama, nimeshasema, Jumatatu..."

"Nimekusikia. Mteja wangu akibakiza kitambaa, hata cha upana wa kiganja, namrudishia. Simwambii alete barua." Hakushusha sauti. "Ile nyama ni yangu. Mimi nataka kuishi, mwanangu. Nipe."