Mtungi wa Chumba cha Nyuma

Sauti ile Boke aliidhania ya sufuria, lakini sufuria ilikuwa haijabandikwa. Akainama. Ssss, mfululizo, kutoka shingoni mwa mtungi mdogo aliotoka nao kwa Eliasi, muuza gesi, asubuhi hiyo hiyo. Kisha harufu ikampanda puani, harufu ya kitunguu kilichooza.

Nyuma ya pazia, hatua tatu tu kutoka hapo jikoni, binti yake Hilda alikuwa amelala na kichanga cha siku sita. Hata jina mtoto alikuwa hajapewa.

Boke akazungusha koki mpaka mwisho. Ssss. Akaikaza kwa upindo wa kanga. Ssss.

"Hilda!" Sauti ilimtoka nyembamba. "Amka, beba mtoto, tokea mlango wa mbele."

"Kuna nini, mama?"

"Gesi inavuja. Usiguse swichi, usiguse simu. Toka!"

Akasikia kitanda kikilia, ndala zikiburuzwa, kisha mlango. Akashusha pumzi. Sasa yeye na mtungi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ila nje pale, jirani yake Gaudensia alikuwa barazani kwake akikaanga maandazi kwenye jiko la mkaa, na makaa yalikuwa mekundu.

"Gaudensia! Zima moto!"

"Na maandazi yangu?"

"Mtungi unavuja, dada, tutakufa wote!"

Karai likaepuliwa haraka, maji ya vyombo yakamwagwa, moshi mweupe ukatanda. Boke aliutazama moshi ule akingoja makaa yafe, na katika kungoja huko akamkumbuka Eliasi.

"Mbona bei inapandaga kila nikija?" alikuwa amemwuliza dukani.

"Gesi inakuja na meli, mama. Wenye nayo wanamuuzia anayelipa zaidi. Huko nje wakiigombania, sisi huku bei inatukaba."

"Na ile ya Mtwara? Si ya kwetu ile?"

"Ile ya bomba, siyo hii ya mtungi. Nayo wanasema itapakiwa iende ng'ambo."

"Kama sangara," alisema Boke.

Eliasi alicheka, ila Boke hakuwa anatania. Miaka ishirini alikaanga mapanki hapa Musoma, vichwa na mifupa ya sangara, minofu ikiwa imeshapanda ndege. Aliyakaanga kwa kuni, mpaka daktari akamwambia kifua chake hakitaki tena moshi hata wa siku moja. Ndipo akanunua jiko la gesi, akalipenda, akalifuta kila jioni utadhani ni kabati la harusi.

Basi asubuhi ile Eliasi akamshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma cha duka. Huko mtungi mkubwa ulikuwa umepinduliwa kichwa chini, gesi ikipita kwenye mpira kuijaza mitungi midogo. Nusu bei. Boke alimwona akiipiga koki kwa bisibisi ili ifunge. Aliona, akanyamaza, akalipa. Sasa hilo lilimtisha kuliko sauti yenyewe: kwamba aliona.

"Makaa yamezimika!" Gaudensia aliita kutoka mbali.

Boke akaukumbatia mtungi. Ulikuwa baridi kama barafu, ukimng'ata tumboni kupitia kanga. Akatoka. Aliogopa kukimbia, aliogopa kutembea. Kila hatua aliidhania ya mwisho. Akapita jiko lililolowa, akapita kamba ya nepi, mpaka uwanja mtupu nyuma ya nyumba, akautua mchangani na kurudi kinyumenyume.

"Msisogee!" aliwapigia kelele watu wawili waliokuwa wakikatiza. "Mwenye sigara arudi!"

Akasimama mbali, akausikiliza ukitema kila alichokilipia. Jua lilipofika utosini, sauti ilikuwa imekwisha.

"Nenda akurudishie hela yako," Gaudensia alisema.

"Nirudi mule chumbani? Siendi."

Hilda alirudi, mtoto kifuani, midomo imemkauka. Aliketi kizingitini.

"Mama, tangu jana usiku sijala. Maziwa hayatoki. Hata uji tu."

Mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Boke akamtazama Gaudensia. Mkaa wake wote ulikuwa umelowa, mweusi, ukichuruzika.

Boke alitafuta mawe matatu, yale yale ya zamani yaliyokuwa yakizuia bati la banda la kuku. Akayapanga uani, akavunja vijiti, akabandika sufuria ya maji. Kifua kilianza kumbana kabla hata ya moshi.

Akatoa kiberiti. Akanusa vidole vyake. Kitunguu kilichooza. Akanawa, akafuta kwa kanga, akanusa kanga, akaitupa mbali, akanawa tena.

"Mama?"

"Nakuja, mwanangu."

Akapiga magoti mbele ya mawe, njiti imeshikwa juu ya ubavu wa kiberiti, akanusa hewa, akasikiliza.