Stendi za Meza Zilizorudi Akheri

Jumanne asubuhi Anneth alifungua karakana ya Moshono akakuta klampu zote chini na stendi za meza hazipo. Jana yake alizipaka gundi mwenyewe, akachomeka ndimi kwenye matundu, akakaza, akafuta gundi iliyovuja kwa kitambaa chenye maji. Dirisha lilikuwa wazi. Kwenye vumbi la randa kulikuwa na nyayo za mraba.

"Fundi, stendi zimetoka."

Fundi Loishiye alikuwa anakunywa uji. "Gundi ilikauka?"

"Ilikauka."

"Basi zitakuwa zimefika mbali. Washa pikipiki."

Wakafuata nyayo mpaka Akheri, shambani kwa mjane mmoja, Nanyori. Stendi zilikuwa zimejipanga mstari mmoja katikati ya mahindi, matope mpaka magotini. Yaani palepale ilipokuwa miti ya mpakani, ile miringaringa! Gadiel, shemeji yake Nanyori, aliikata, akang'oa visiki, akauza mbao, ndizo hizi za stendi, kisha akasogeza mahindi yake hadi karibu na mlango wa jiko la mjane.

"Shikamoo mama," Anneth akasema.

"Marahaba. Zimeingia alfajiri, nikazipisha, nilikuwa nakamua. Mpaka wangu ndio huo. Ziacheni kidogo wazee waone."

"Hoteli wanazitaka leo," akasema Loishiye.

"Fundi, jamani, hata mpaka jioni tu!"

Loishiye akakuna kidevu. "Haya. Jioni."

Wazee wakaja, wakatembea kando ya stendi, wakasema ndiyo, mpaka ni hapo. Hakuna aliyebisha, hata Gadiel. Yeye alikuja ameshika sale mkononi, ule mmea wa kuombea msamaha, na mzizi wake. Anneth aliuona ule mzizi, akadhani jamaa kang'oa kwa haraka.

"Shemeji, nimekosa. Nisamehe."

Pale Akheri ukiletewa sale hukatai. Nanyori alilitazama muda mrefu, na stendi zikawa zinabadilisha miguu kama ng'ombe wanaosubiri maji. Akalipokea. Wazee wakapiga makofi, mmoja akaomba sala.

"Sasa mahindi unatoa lini?" Nanyori akauliza.

"Mahindi gani tena, shemeji? Si umeshasamehe?"

"Mama, usirudishe maneno," mzee mmoja akasema, anatafuta kofia yake.

Gadiel akaliomba lile sale kwa upole, akalipanda mbele ya mlango wa jiko, kuwa mpaka mpya. Lilishika siku hiyohiyo.

Jioni stendi zikapakiwa kwenye Kirikuu. Anneth alizifunga kamba huku zinamkanyaga. Hotelini zikafungwa bolti sakafuni, na tangu hapo zinainama kuelekea Akheri. Mtori unajaa upande mmoja wa bakuli. Wahudumu humwambia mteja ashikilie, basi.

Jumapili Gadiel alikuja na familia yake baada ya ibada. Akashikilia bakuli kwa mkono wa kushoto, akala kwa wa kulia, akasema mtori wa hapa mtamu. Akaagiza mwingine.