Maharage Yaliyopauka

Mpini wa jembe ulipotua, mtunza maabara alikuwa bado anavuka barabara, lakini mlio wa mfupa aliusikia. Ulikuwa mkono wa mdogo wake. Aliyeushika mpini alikuwa kaka yake.

Alikuwa ametoka mbio shuleni, ng'ambo ya barabara, koti lake jeupe limefunguka, wembe mfukoni. Makelele yalimkuta akikatakata majani kwa ajili ya somo la mchana, vipande vyembamba hata mwanga upenye. Shule yake mwenyewe iliishia njiani, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna mwalimu aliyemshinda kwa wembe.

"Mwacheni!" alipiga kelele.

Hakuna aliyejali. Majirani watano walikuwa wamemfunga mdogo wake kwenye nguzo ya uzio. Damu ilimtoka puani na kumwingia mdomoni kila alipotaka kusema. Kazi yake ilikuwa kupiga dawa, kuzunguka mashamba ya watu na bomba mgongoni. Bomba lenyewe lilikuwa miguuni pake, limejaa dawa ya magugu, na jirani mmoja mnene alikuwa ameshachota kikombe.

"Ameyaua maharage ya kaka yake kwa hii," alisema yule mnene. "Na yeye aionje."

Nusu ya shamba, upande wa barabara, ilikuwa imepauka kama nguo iliyosahauliwa juani. Siku kumi nyuma ilikuwa kijani. Siku hizohizo ndugu wawili hawa waligombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao, na mpiga dawa akasema mbele za watu, "Mwaka huu huvuni hata punje." Neno hilo ndilo lililomfunga kamba.

"Dada, sikugusa," alisema sasa. "Haki ya Mungu, sikugusa."

Jirani mnene akamkaba taya, akamfungua kinywa. Kikombe kikapanda.

Mtunza maabara hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka tu ladha ya chumvi na vinyweleo vya mkono wa mtu kwenye meno yake. Alimng'ata yule jirani kifundo cha mkono mpaka kikombe kikaanguka, na dawa ikamwagika vumbini. Jirani alimzaba kofi lililomlaza chali. Kabla hajampiga la pili, kaka mtu alimsukumia mpini kifuani.

"Huyo ni dada yangu! Mguse tena uone."

Kisha akamgeukia dada mwenyewe, macho mekundu. "Na wewe unataka nini hapa?"

"Nataka niende maabara na kurudi. Basi. Jani litasema lilikufa kwa nini."

Mtu mmoja alicheka. "Siku hizi majani yana midomo?"

"Yana midomo maelfu, upande wa chini," alijibu, akipangusa damu kidevuni. "Hujawahi kuangalia tu."

Kaka yake alitema mate. "Nenda. Ukichelewa, shauri yako."

Alirudi ameikumbatia hadubini kama kichanga, na kiazi mfukoni. Aliisimamisha juu ya kreti lililopinduliwa, akaelekeza kioo chake kidogo kwenye anga, si kwenye jua, maana jua lingempofua mtu. Alikibana kipande cha jani bichi katikati ya kiazi, akakata. Wembe uliteleza, ukamla kidole gumba. Kipande cha kwanza kilitoka kinene, chenye damu. Akakitupa. Nyuma yake mdogo wake alikuwa akigumia kwa maumivu. Akakata tena.

"Njoo, kaka. Fumba jicho moja. Hili ni jani zima, la kule bondeni."

Mpini ukiwa bado mkononi, kaka aliinama.

"Kama magunia," alisema hatimaye. "Yamesimamishwa mstarini, yamebanana."

"Hizo ni seli za juu. Zimesimama wima ili mwanga uzame ndani. Na hizo punje za kijani ndizo jiko la mmea. Zinachukua mwanga, maji na hewa, zinapika chakula. Chini ya magunia unaona nafasi?"

"Imekaa ovyo ovyo."

"Ndiyo njia ya hewa. Inaingia kwa ile midomo, vitundu vya upande wa chini, inazunguka mle, inazifikia seli zote. Mle hakuna kilichowekwa bure."

Akaweka kipande cha jani lililopauka. Kaka akainama tena. Mistari ilikuwepo, lakini gunia moja lilikuwa tupu, la pili limejaa, matatu matupu, moja limejaa.

"Dawa ya magugu ikidondoka inaunguza kila kilicho chini ya tone," dada alisema. "Haibagui gunia hili na lile. Haya yametobolewa na kufyonzwa, moja baada ya jingine."

Aligeuza jani lingine zima, akaliweka chini ya lenzi upande wa tumbo. Utitiri ulikuwa ukitambaa kati ya nyuzi zake, mwekundu, miguu minane, mamia.

"Wadudu," alisema kaka. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Na nani amewaleta?"

"Mwezi uliopita ulipiga nini shambani?"

"Ile dawa kali ya wadudu. Mara tatu, maana niliona..."

"Iliwaua wadudu wakubwa waliokuwa wakiwala hawa, hawa ikawaacha. Vumbi la barabara likawakaribisha."

Jirani mnene hakuja kuangalia. Alikuwa wa kwanza kuondoka, kifundo chake kwapani. Waliobaki walimfuata mmoja mmoja, bila kuagana.

Mtunza maabara aliikata kamba kwa wembe uleule. Mdogo wake alianguka magoti, akabaki hapo, mkono wa kushoto umepinda pasipo kiungo.

"Twende hospitali," kaka alisema. "Nitakubeba, mdogo wangu. Twende."

Mpiga dawa hakumtazama. Alijivuta hadi kwenye bomba, akapitisha mkanda mmoja begani kwa mkono mzima, akainuka, akaelekea bondeni, kwenye maharage yaliyokuwa bado kijani.

"Wewe!" dada alimkimbilia. "Unafanya nini?"

"Ulinifunga kwa kosa hili," alimwambia kaka yake, juu ya bega la dada. "Basi acha nilifanye."

Mpini wa kupampu hukaa kushoto. Aliusukuma kwa kiwiko cha mkono uliovunjika, akatoa sauti kama ya mnyama, akatapika. Akasukuma tena. Tone moja tu lilitoka kwenye fimbo ya kupulizia.

Kaka aliuachia mpini wa jembe. Alimfikia, akautoa mkanda begani mwa mdogo wake polepole, kama anayemvua mgonjwa nguo. Dada alishusha pumzi. Kisha akamwona kaka akilivaa bomba mgongoni kwake mwenyewe, akifunga mikanda yote miwili, akishika mpini wa kupampu.

"Kaka, watoto wako watakula nini?"

"Adhabu nimeshampa. Kosa ni haki yake," alisema, akaanza kupampu. Mpira wa dawa ulitoka mgongoni kwake mpaka kwenye fimbo iliyokuwa katika mkono mzima wa mdogo wake, na ukungu ukatoka.

Dada aliijua dawa ile. Inauchukua mwanga uleule unaolilisha jani na kuugeuza moto ndani ya seli. Kwa jua la siku ile, jioni isingefika kabla magunia hayajapasuka. Alisimama kwenye mtaro wa shamba, kidole chake kikidondosha damu kwenye koti.

Walishuka mstari wa kwanza, mmoja akipampu, mwingine akilowesha. Mwishoni mpiga dawa alisimama. Fimbo ilimwinama mkononi, mabega yakaanza kumtikisika. Mstari wa pili ulikuwa mbele yao, umejaa maua. Kaka alisubiri uamuzi wake, mkono kwenye mpini, bila kugeuka.