Sauti Isiyokatwa

Kosa lenyewe lilikuwa la kusogeza kreti tu. Mbavu alilisukuma kwa mguu, kidogo, kwa sababu lilikuwa la njano na lilikuwa linamharibia picha. Akarudi katikati ya maboksi ya kuku walioganda, akavaa miwani ya jua, akajilaza juu ya maboksi akiwa na fulana na kaptula, simu ameisimamisha mbele yake kwenye rafu. Alitaka watu wamwone yuko ufukweni anakula upepo. Koti la kazi, lile zito lenye kofia, alikuwa amelitundika nje kwenye msumari.

Nyuma yake mlango wa chumba cha baridi ukarudi polepole kwa uzito wake. Ukasema "tuf", sauti ndogo tu ya mpira kukutana na chuma.

Mbavu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, na safari hii mlango ulikuwepo kweli.

Ndani ya kile chumba palikuwa na kitufe kikubwa cha kusukuma, cha kumwokoa mtu atakayejifungia. Kilivunjika zamani. Msimamizi wa ghala aliahidi kuleta fundi, fundi akawa wa kesho, kesho ikazoeleka, na wafanyakazi wakajitafutia dawa yao: ukiingia, weka kreti mlangoni. Mtu mpya hakuonyeshwa choo kabla hajaonyeshwa kreti. Mbavu mwenyewe alishawafundisha wageni, kwa vidole na kwa ishara, maana kwa mdomo asingemaliza leo. Alikuwa na kigugumizi.

Aliruka akaenda kusukuma mlango. Akasukuma kwa mikono, kwa bega, kwa mgongo. Akapiga ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Akapiga kelele, na kelele nayo ikakwama kooni kama kawaida yake, ikatoka vipande vipande, na mapangaboi ya dari yakaimeza yote. Ilikuwa Jumamosi mchana. Wapakiaji walishaondoka, msimamizi alishaondoka, na ghala lisingefunguliwa tena mpaka Jumatatu. Aliyebaki getini ni mlinzi na redio yake, pamoja na dada wa kupima malori, ambaye kila mtu alimwita Mizani, naye alikuwa anamalizia lori la mwisho.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Mtu mzima akajikuta anamwita mama yake.

Akachukua simu. Kupiga hakukuwezekana, kuta za bati zilikata simu kabla haijaita. Akazunguka nayo ameinyanyua juu hadi akapata kona moja, pale mabomba yanapoingilia kutoka nje, ambapo kijiti kimoja cha mtandao kilionekana, kikapotea, kikaonekana tena. Akajibanza hapo. Sasa amtafute nani?

Hebu tuseme ukweli kuhusu huyu kijana. Ukurasa wake wa Vunja Mbavu, ndio uliompa hilo jina, ulikuwa na wafuasi wa kujaza uwanja. Humo ndani alikuwa msemaji hodari, maneno yanateleza kama yamepakwa mafuta. Hakuna aliyejua kwamba kila sentensi aliirekodi mara nyingi, akachagua vipande vilivyonyooka, akakata, akaunga. Alikata kila pale ulimi ulipogoma. Herufi zilizomtesa zaidi ni m, b na k zikiwa mwanzoni mwa neno, na wewe jaribu kuishi siku moja bila maneno yanayoanza na hizo. Yeye aliishi hivyo miaka yote. Mlango aliuita pale pa kutokea. Baridi aliiita hali ya hewa.

Namba ya mlinzi hakuwa nayo. Namba ya msimamizi alikuwa nayo, lakini ujumbe ulibaki na alama moja, simu ya bosi imezimwa. Akaandika kwenye ukurasa wake, kwa vidole vilivyoanza kufa ganzi: "Nimefungiwa kwenye chumba cha baridi kazini. Naomba msaada." Majibu yakamiminika kama mvua. "Umeua!" "Kaka hufai wewe, hahaha." "Sehemu ya pili lini?" Mmoja akamwambia aweke video anatetemeka, maandishi hayaaminiki.

Wangemwaminije? Mwezi uliopita aliwadanganya kwamba amekwama kwenye lifti na hewa inamwishia. Watu walimwombea dua. Kuna jamaa alipanda ngazi za lile jengo mbio mpaka juu, akafika akihema, akamkuta Mbavu ameegemea ukuta anamrekodi na kucheka. Video ile ilitazamwa kuliko zote.

Akabaki Mizani.

Huyo dada alikuwa rafiki yake wa kila siku, rafiki wa kwenye simu. Kila jioni walitumiana sauti. Alijua miguu ya mama yake Mizani inavimba, alijua anaogopa mbwa hata wa jirani, alijua anataka kusoma uhasibu. Na Mizani alijua mengi yake, au alidhani anajua. Lakini uani, pale ghalani, Mbavu akimwona kwa mbali anakunja kona. Wakikutana uso kwa uso, shingo inakakamaa, anatikisa kichwa kidogo, anapita. Aliogopa afungue mdomo mbele yake. Mizani alishamuuliza siku moja: "Hivi ukiniona unakuwaga bubu?" Mbavu akamtumia picha ya kicheko, yakaisha.

Sasa alirekodi. "Dada, njoo huku nyuma, stoo. Njoo sasa hivi. Watu wote wameshaondoka, wewe tu ndiye unaweza. Nakusubiri. Si utani."

Ilikuwa safi, haikukwama popote. Aliirudia mara tatu ili iwe safi hivyo, huku nyusi zake zikiota vipande vya barafu, na hata akasikia fahari kidogo ilipotoka. Mazoea hayo. Akaituma.

Jibu la Mizani lilikuja kwa maandishi. "Mbavu, hebu nielewe. Uani unanipita kama umeona ukuta. Leo watu wameondoka ndiyo unaniita stoo peke yangu, tena kwa sauti tamu hivyo? Mimi si mtoto. Nafunga mizani naenda zangu."

Mbavu alilisoma. Alisikia sauti yake mwenyewe kwa masikio ya yule dada: mwanamume asiyekusalimia, anakuita chumba cha nyuma ghala likiwa tupu. Angekuwa ni dada yake mwenyewe ameitwa hivyo, angemwambia usithubutu kwenda.

Akajaribu kuandika. Kioo cha simu kilishaanza kukataa vidole, alibonyeza a ikatoka w. Alipoweza, aliandika: "Mlango umejifunga. Nakufa."

"Kama ulivyokufa kwenye lifti?" Mizani akajibu. "Siku ile nililia, Mbavu. Leo hunipati."

Meno yake yalikuwa yanagongana hadi taya linauma. Fulana imekakamaa mgongoni. Miguu aliihisi kama si yake. Akabonyeza kitufe cha sauti, akafungua mdomo aseme mlango, na herufi ya kwanza ikamng'ang'ania: "M-m-m-m..." Akaisikia inavyotisha, inavyotia aibu, kama mtu anayekabwa. Kidole gumba kikafuta chenyewe kabla hajakiamuru.

Akaanza tena. "Dada, m-m..." Akafuta.

Tena. Akafuta tena.

Chaji ilikuwa imeshuka vibaya, ile baridi ilikuwa inainyonya betri waziwazi. Mbavu akakitazama kidole chake. Ndipo alipoelewa anachokifanya. Alikuwa yuko tayari kufa, mradi afe akiwa na sauti nzuri. Kwa siku nzima ile, hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Alimwogopa huyo mtu aliyekuwa anafuta, na huyo mtu alikuwa yeye.

Akapiga moyo konde. Akakishika kile kidole gumba kwa mkono wa pili ili kisicheze, akaongea.

"M-m-m-mlango," akasema. "M-m-mlango um-m-mejifunga. Niko ndani ya ch-chumba cha b... cha b-b-b..." Kilio kikamtoka. Hakukikata. "Cha b-b-baridi. K-k-kreti nimelitoa m-mimi. Sina k-k-koti. Hii ndiyo sauti yangu. Hivi ndivyo ninavyoongea, ndiyo m-m-maana nakukwepa. N-n-naogopa. Naogopa sana, dada."

Akaachia. Duara dogo la kutuma likazunguka, likazunguka, kijiti cha mtandao kikapotea. Kikarudi. Duara bado linazunguka. Kisha kioo kikawa cheusi.

Aliibonyeza simu. Aliifikicha kwenye paja. Aliiweka kwapani akaibana kama mgonjwa aliyewekewa kipimajoto. Haikuwaka. Hakujua kama ujumbe umekwenda au umefia humo na betri.

Akabaki na sauti ya mapangaboi. Aliruka juu na chini mpaka pumzi ikamwisha. Alirarua maboksi, akajifunga makaratasi tumboni na miguuni, na lau mtu angemrekodi wakati ule, angevunja mbavu za watu kweli. Akamfikiria mama yake, ambaye kwa mapenzi tu alikuwa akimmalizia kila sentensi, mpaka mtoto akakua anaamini kwamba kumsubiri yeye amalize ni mzigo ambao hakuna mtu angeutaka. Akafikiria wale wafuasi wote, walivyo wengi, na kwamba hata sasa wapo waliokuwa wanamsubiri, lakini wanasubiri sehemu ya pili.

Baadaye kutetemeka kukapungua. Akaona usingizi unamjia, mtamu, na ule utamu ukamtia hofu upya, kwa sababu waliambiwa siku ya kwanza kazini: humu ndani ukisikia raha, jua umekwisha. Akajipiga kofi. Akasema herufi kwa sauti ili asilale. M-m-m. B-b-b. Hakukuwa na wa kumcheka.

Mlango ukafunguka.

Mwanga ulimpiga usoni akashindwa kuona. Alichokiona kwanza ni rungu. Mizani alikuwa amelishika kwa mikono miwili, rungu la mlinzi, amelinyanyua usawa wa sikio, anahema, na nyuma yake mlinzi mwenyewe anakuja anachechemea na kulalamika miguu. Mizani alimtazama Mbavu alivyojifunga maboksi, kope zimeganda. Akaliacha rungu likaanguka. Akamshika mkono akamvuta nje, akatoa koti kwenye msumari akamfunika, akamkalisha juani kwenye sakafu ya kupakilia.

"Maskini wee," mlinzi akasema. "Ulikuwa unafanya nini humo, kijana wangu?"

Mbavu akafungua mdomo. "N-n-nilikuwa n-na... k-k-k..."

"Kazi?" mlinzi akamsaidia. "Kuku? Kulala?"

"Mzee, mwache amalize," Mizani akasema. "Nakuomba katuletee maji kibandani. Yawe vuguvugu, ya kunywa, na blanketi lako."

Mlinzi akaondoka anatikisa kichwa. Mizani akalivuta lile kreti la njano, akaliweka chini juani, akalikalia. Wakawa wanatazamana kwa karibu kwa mara ya kwanza, na Mbavu hakuwa na kona ya kukunja.

"Nilikuwa nje ya geti tayari," Mizani akasema. "Nimesimama kituoni. Ikaingia. Ile ya mwanzo ilinitisha, Mbavu, nakwambia kweli, nilitaka hata Jumatatu nisije kazini. Mtu aliyefungiwa haongei vizuri vile. Hii nyingine nikaisikiliza mpaka mwisho, nikaona huyu simjui. Halafu nikaona huyu ndiye anaogopa. Nikarudi mbio." Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Rungu nililichukua hata hivyo. Usinilaumu."

Mbavu akatikisa kichwa kwamba hamlaumu. Simu ilikuwa bado kwapani, imekufa. Hapakuwa na cha kurekodia wala cha kufutia. Alitaka kumshukuru, na alitaka kumwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Katika sauti zote alizomtumia miezi yote ile, alimwita dada, dada, dada, kwa sababu jina lake lilianza na ile herufi.

Aliogopa karibu sawa na alivyoogopa ndani. Damu ilikuwa inarudi vidoleni kwa maumivu ya sindano. Akabana macho, akaanza.

"M-m-m..."

Lilikwama. Akalisukuma, likakwama tena. Alisubiri asikie amemaliziwa, kama alivyomaliziwa maisha yake yote. Hakusikia kitu. Akafungua macho, akamwona yule dada amekaa juu ya kreti, mikono magotini, anamtazama mdomoni, wala hana haraka ya kwenda popote.

"M-m-m-Mizani," akasema.

"Nipo," Mizani akamjibu. "Endelea."